Matanga yakishaanuliwa: namna ya kuomba ukiwa na majonzi

Siku za msiba mfiwa huombewa na wengine: mchungaji, katekista, wanajumuiya, kwaya. Ugumu huja turubai likishashushwa na ndugu wakarudi makwao. Mfiwa hujaribu kuomba kama alivyozoea, maneno hayatoki, naye hudhani imani imemwishia. Wakati huo azima maneno ya Zaburi.

Anza na Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu. Mstari wa 1 na 2 ni malalamiko, "hata lini?" mara nne, wa 3 na 4 ni ombi, wa 5 na 6 ni tumaini. Isome kwa sauti, polepole, kisha uirudie ukitia maneno yako: mtaje marehemu kwa jina, sema kinachouma hasa, halafu omba jambo moja la leo, kama usingizi, hamu ya kula au nguvu za kufuatilia mirathi.

Wengi hukosea kwa kukimbilia shukrani kwa kuwa wameambiwa kulalamika ni dhambi. Ukilazimisha, sala inakuwa ya mdomoni na utaikwepa kesho yake. Kama mstari wa 5 haujatoka moyoni, ishia wa 4. Siku nzito kabisa, soma Zaburi ya 88: inaishia gizani, bila neno la faraja, na bado ni sala ya mtu anayemlilia Mungu.

Dakika 10 zatosha, asubuhi kabla ya kushika simu, kila siku mahali pamoja. Ukishtuka usiku wa manane usianze maombi marefu, maana mwili umechoka na mawazo yatakupeleka mbali. "Bwana, nihurumie", ukivuta pumzi taratibu, inatosha. Ukikosa hata hilo, Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kufunga na kukesha viache kwanza ikiwa chakula hakipiti, hasa kama una kisukari au unanyonyesha.

Atakayekukataza kulia atakutajia 1 Wathesalonike 4:13. Paulo anazungumzia huzuni isiyo na matumaini. Machozi hakuyakataza, na Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro. Mwombe mwanajumuiya mmoja mtulivu aje siku maalumu ya juma kwa nusu saa, msome pamoja, asieleze kwa nini kifo kimetokea. Marafiki wa Ayubu walikaa naye kimya siku 7. Waliharibu walipoanza kueleza.

Mkatoliki aweza kupeleka nia ya misa ofisi ya parokia, akiandika jina la marehemu. Walutheri na Wapentekoste kwa kawaida huwaombea wafiwa. Anayedai pesa ili akufunulie "nani kamuua" mkimbie: atakuachia ugomvi wa ukoo juu ya msiba.

Ukianza kutamani kufa, au siku zinapita huli wala hulali, mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali siku hiyohiyo, usingoje Jumapili. Zaburi utaendelea nayo hata ukiwa kwenye dawa.