Noti za Zamani za Uganda: Zipi Zipelekwe Kupimwa Daraja, Zipi Zibaki Kama Zilivyo

Noti nyingi za Idi Amin zinazolala kwenye masanduku ya bati na katikati ya kurasa za Biblia hazistahili kutumwa ng'ambo kupimwa daraja. Gharama itameza bei yote ya noti na bado utabaki na deni. Chache zinastahili, na kazi ni kuzitenga hizo chache kabla hujalipa hata shilingi.

Kampuni za kupima, kama PMG iliyoko Sarasota, Florida, au PCGS, hukagua kama noti ni ya kweli, huipa namba kwenye kipimo kinachofika 70, kisha huifunga katika kifuko kigumu cha plastiki chenye lebo. PMG huongeza herufi EPQ kwa karatasi iliyobaki na uasilia wake, isiyooshwa wala kurekebishwa, na daraja la 65 kwenda juu halitolewi bila herufi hizo. PCGS huandika PPQ kwa maana hiyohiyo. Mnunuzi wa London au Singapore hawezi kuishika noti yako, kwa hiyo huitegemea lebo. Mtalii anayetafuta zawadi Kampala anataka sura ya Amin, na plastiki haimwongezei hamu. Basi amua kwanza utauza wapi. Kama soko lako ni la hapa nyumbani, unaweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya kuhifadhi.

Usiiguse kwanza

Usipige pasi. Usioshe. Usibandike selotepu kwenye mpasuko, na kamwe usiipeleke kwa fundi wa kuleminesha vyeti: noti iliyoleminishwa haitoki salama, na mkusanyaji hailipii. Pasi hulaza mwinuko wa wino ambao kidole hutakiwa kuuhisi, na mkunjo wenyewe hubaki kwa sababu nyuzi za karatasi zilishavunjika. Sabuni ya unga ina kemikali za kung'arisha nguo. Weka noti iliyooshwa chini ya ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka na mawakala wa mobile money hutumia kukagua noti bandia, utaona karatasi inawaka buluu. Karatasi ya zamani ya pamba hubaki imefifia. Ikiwaka, ama iliwahi kuoshwa ama ni nakala iliyochapwa kwenye karatasi ya kisasa, na vyovyote vile wapimaji wataligundua hilo.

Jua ulicho nacho

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, ilitoa noti zenye picha za wafalme George V na George VI, halafu Malkia Elizabeth II. Nyingi kati ya hizo zina tarehe iliyochapwa. Mwaka 1964 zikaja noti zisizo na sura ya mtu, zenye jahazi ziwani. Ziinue kwenye mwanga utafute kifaru katika alama ya maji. Benki ya Uganda ilianza na noti zake mwaka 1966: shilingi 5, 10, 20 na 100. Sura ya Amin ilitokea 1973. Alipoangushwa Aprili 1979, nafasi yake ikachukuliwa na picha ya jengo la benki, kisha Obote akaja na zake miaka ya themanini. Mei 1987 sarafu ilibadilishwa, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya.

Zile za 1979 na za Obote mara nyingi bado hupatikana zikiwa mpya kabisa, hata kwa vibunda. Usizipime. Kibunda chenye namba zinazofuatana kiache kizima, kwa kuwa kukivunja ni kuharibu kitu pekee kinachokitofautisha. Noti za wafalme zenye thamani kubwa, hasa shilingi 100 na zaidi, ndizo za kukaguliwa kwa makini, pamoja na za 1966 na za Amin ambazo hazijawahi kukunjwa. Soma pia cheo kilichochapwa chini ya kila sahihi: noti za Amin zina zaidi ya jozi moja ya vyeo, na jozi hizo hutenganishwa kwenye katalogi kwa herufi baada ya namba ya Pick, yaani namba ambayo wakusanyaji huitambulisha nayo kila aina ya noti. Herufi moja inaweza kubadilisha bei.

Kadiria daraja mwenyewe

Nawa mikono uikaushe vizuri. Glavu za pamba hazifai, hunasa kwenye kingo zilizochanika. Zima taa ya dari, washa tochi ya simu na uilaze mezani ili mwanga upite juu ya noti kwa ubavu. Mikunjo isiyoonekana mchana itajitokeza kama mistari. Ukikosa mkunjo wowote, uko kwenye 60 kwenda juu. Mkunjo mmoja mwepesi wa katikati huishusha hadi hamsini na kitu. Miwili au mitatu, arobaini na kitu. Ikishakunjwa mara nyingi lakini bado ina ukakamavu, kadiria kati ya 20 na 35. Noti iliyolegea kama kitambaa iko kwenye 15 au chini yake.

Sasa iinue dhidi ya dirisha uangalie matundu ya pini. Benki na wenye maduka walikuwa wakishikiza noti kwa pini, ndiyo maana noti inayoonekana safi mezani huvujisha vinukta vitatu vya mwanga. Pima kwa rula pambizo za pande zote nne, mbele na nyuma. Noti iliyochapwa ikaegemea upande mmoja haifiki 66 hata kama haijaguswa na mtu, na noti ambayo ni fupi kwa milimita mbili kuliko mwenzake huenda ilikatwa kingo ili kuficha uchakavu. Kutu ya pini, wino wa kalamu na ukungu wa kahawia andika kwenye orodha yako. Watu wengi hujipa alama tano zaidi ya wanazostahili, kwa hiyo punguza.

Hesabu

Jumlisha ada ya kupima kwa kila noti, ada ya fomu, uanachama wa mwaka kama unatuma mwenyewe, usafiri wa kwenda na kurudi, bima, na kodi inayoweza kudaiwa mzigo ukirudi. Gawanya kwa idadi ya noti. Kutuma noti moja peke yake karibu kila mara ni hasara, maana usafiri ni uleule. Tuseme noti kumi zinakugharimu Sh 2,000,000, yaani Sh 200,000 kila moja. Noti inayouzwa Sh 150,000 bila kupimwa, na Sh 300,000 ikiwa na 64, inakupotezea Sh 50,000. Noti hiyohiyo ikipata 66 na kuuzwa Sh 600,000, unabaki na faida ya Sh 250,000. Kwa hiyo tuma tu ikiwa tofauti ya bei, kwa daraja moja chini ya makadirio yako, ni angalau mara mbili ya gharama.

Bei chukua za mauzo yaliyokamilika kwenye eBay na minadani. Bei anayoitaja muuzaji ni ndoto yake tu. Angalia pia hesabu ya PMG iliyo wazi mtandaoni, inayoonyesha ni noti ngapi za aina hiyo zimeshapimwa na kwa daraja gani. Ukikuta 66 ziko tele, 64 yako haitagombewa.

Kuna jambo moja linalozidi hesabu: noti adimu ambayo mnunuzi atashuku kuwa ni bandia. Hiyo ipime hata ikiwa na daraja 12, kwa sababu hapo unanunua uthibitisho.

Kutuma

Barua isiyo na bima kwa kawaida hairuhusiwi kubeba noti kwa kanuni za posta za kimataifa, na kampuni nyingi za usafirishaji hukataa fedha katika masharti yao. Uliza kwanza na upate jibu kwa maandishi. Mzigo ulioingia kinyume cha masharti haulipwi ukipotea, hata kama ulilipia bima. Wafanyabiashara wa noti walioidhinishwa na wapimaji hukusanya za wateja kadhaa na kutuma pamoja. Kwa mwenye noti nne au tano hiyo ndiyo njia nafuu.

Piga picha kila noti pande zote mbili, namba ikisomeka. Itie kwenye kifuko laini cha polyesta, kisha katikati ya kadibodi mbili ngumu zinazoizidi noti kwa sentimita mbili kila upande. Gundi na selotepu vikae kwenye kadibodi tu. Kwenye fomu ya forodha andika noti za mkusanyo zisizotumika tena kama fedha, kifungu 9705, na hifadhi nakala ili kuonyesha mzigo ukirudi kwamba ni mali yako ileile. Thamani itaje ya kweli: ukishusha, bima italipa kiasi ulichoandika, ukipandisha, utalipia ngazi ya juu ya ada ya kupima.

Zikirudi, linganisha lebo na picha zako siku hiyohiyo, hasa namba ya noti na herufi ya katalogi. Kosa la lebo hurekebishwa kwa urahisi likiripotiwa mapema.

Zinazobaki nyumbani

Tumia vifuko vya polyesta au polipropilini. Albamu za bei rahisi za PVC hutoa mafuta yanayonata na kuharibu noti. Kampala, Entebbe na Jinja zina unyevu wa ziwa, na misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ndiyo ya ukungu. Weka vifuko kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika zinazofyonza unyevu, na uzibadilishe au uzikaushe kabla ya kila msimu. Kopo likae kwenye rafu, mbali na ukuta wa nje na sakafu, ambako mchwa huanzia.