Kutambua na Kupima Mahali pa Injini katika Gari la Injini ya Kati

Gari haliitwi la injini ya kati kwa sababu tu ukifunua boneti ya mbele huikuti injini. Kinachoamua ni ekseli mbili, yaani mihimili ya magurudumu ya mbele na ya nyuma: injini iwe kati yake. Injini ikikaa nyuma ya viti lakini mbele ya ekseli ya nyuma, kama ilivyo katika Toyota MR2 iliyotoka mwaka 1984, hiyo ni injini ya kati. Ikivuka ekseli hiyo na kukaa nyuma yake, kama katika Porsche 911, hiyo ni injini ya nyuma, na tabia ya gari barabarani ni nyingine kabisa. Mwongozo huu ni wa fundi wa Unguja au Pemba aliyeletewa gari la namna hii, naye anataka kulielewa kabla ya kulifungua.

Hatua ya kwanza: chora ekseli. Egesha gari kwenye sakafu iliyo sawa, nyoosha usukani, dondosha timazi katikati ya kila gurudumu, kisha unganisha alama kwa chaki. Dondosha timazi tena kwenye ncha mbili za injini uone zinaangukia wapi. Asiye na gari la michezo ajizoeze kwa Toyota Estima ya toleo la kwanza, la mwaka 1990, ambayo injini yake imelazwa kwa nyuzi 75 chini ya viti vya mbele, nyuma ya ekseli ya mbele. Ni gari la familia, lakini kwa kipimo cha chaki nalo limo.

Hatua ya pili: tazama puli za mikanda. Zikielekea ubavuni mwa gari, injini imelazwa kwa upana, kama MR2 na kama Lamborghini Miura ya mwaka 1966, ambayo iliwekewa injini ya silinda 12 kwa mtindo huo ili gari lisirefuke. Zikielekea viti, kama katika Porsche Boxster, injini imelala kwa urefu, na mkanda utaufikia kwa kufungua paneli iliyo nyuma ya viti.

Hatua ya tatu: pima uzito. Pandisha ekseli ya mbele peke yake kwenye mizani ya magari, kisha ya nyuma peke yake. Tuseme umepata kilo 440 mbele na 560 nyuma, na umbali baina ya ekseli ni milimita 2,320: zidisha 2,320 kwa 560, gawanya kwa 1,000, yaani jumla ya kilo zote, upate takriban milimita 1,299 kutoka ekseli ya mbele. Hapo ndipo kilipo kitovu cha uzito kwa urefu wa gari.

Hatua ya nne, kukagua mfumo wa kupoza injini, ndiyo ninayowasihi mafundi wasiiharakishe. Katika MR2 injini iko nyuma ya viti na rejeta iko mbele, kwa hiyo maji husafiri katika mabomba marefu yanayopita chini ya gari, na hewa ikinasa humo injini huchemka hata kama tangi la maji linaonekana limejaa. Kagua kwanza mabomba hayo kama yameliwa na kutu, kwani hewa ya chumvi ya visiwani haiyasamehe. Injini ikiwa imepoa, fungua hita upande wa moto, legeza vitoleo vya hewa vya rejeta na vya hita, ujaze polepole mpaka maji yatoke bila povu, ndipo ufunge. Washa injini, subiri feni izunguke, kisha izime, iache ipoe na uongeze kilichopungua. Tumia kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, si maji ya kisima, kwa kuwa maji yetu yanayopita katika mawe ya matumbawe huacha chokaa ndani ya rejeta. Na usizibe matundu ya hewa ya ubavuni kwa sababu ya vumbi. Katika foleni ya Darajani, ambako gari halipati upepo, injini iliyofungiwa nyuma ya dereva inayahitaji.

Hatua ya tano: matairi. Uzito ukikaribia katikati, gari hugeuka upesi, lakini mkia ukiteleza kwenye lami iliyoloa masika huteleza upesi vilevile, na dereva hupata nafasi ndogo ya kuurudisha. Kwa hiyo usiweke nyuma tairi zilizochakaa kuliko za mbele, usihamishe za mbele kwenda nyuma wala za nyuma kwenda mbele pale vipimo vinapotofautiana, na ujaze upepo kwa kufuata kibandiko cha gari lenyewe, ekseli kwa ekseli, wakati matairi yamepoa.