Pima waya mbili za CAN kabla ya kununua kontroli boksi

Gari halikubali kuwaka, taa za injini, ABS na eabegi zimewaka kwa mpigo, na mashine ya kupimia inatoa msimbo U0100. Hapa Kampala wengi hukimbilia soko la vipuri la Kisekka kutafuta kontroli boksi (kompyuta ya injini) lililotumika. Usitoe pesa bado. Msimbo huo unasema boksi la injini halisikiki, hausemi limekufa.

Maboksi ya injini, breki na dashibodi yanazungumza kwa waya mbili zilizosokotwa, CAN-H na CAN-L, mfumo ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Mawili yakianza kutuma pamoja, ujumbe wenye namba ndogo hupita na mwingine hungoja. Kwa kuwa njia ni moja, waya ikigusa bodi hata maboksi mazima yananyamaza.

Hatua ya 1. Zima gari, chomoa hasi ya betri, subiri dakika chache.

Hatua ya 2. Weka mita kwenye omu. Katika soketi ya OBD chini ya usukani, ile inayochomekwa mashine ya kupimia, gusa pini ya 6 na ya 14. Inatakiwa isome karibu 60, maana kila ncha ya mtandao ina kizuizi cha omu 120. Ikisoma 120, waya imekatika au ncha moja imepotea. Ikikaribia 0, waya zimegusana. Magari ya zamani yasiyo na CAN hayatakupa kipimo hiki, na baadhi ya mapya yana boksi la kati linaloficha mtandao wa ndani. Hayo pima kwenye plagi ya boksi lenyewe.

Hatua ya 3. Rudisha betri, fungua swichi bila kuwasha injini, pima volti kutoka pini ya 5 (ya bodi) hadi ya 6 (CAN-H), kisha hadi ya 14 (CAN-L). CAN-H hukaa juu kidogo ya 2.5, CAN-L chini kidogo. Ukiona 12, waya imegusa chanya.

Hatua ya 4. Kama kuna shoti, chomoa betri tena, kisha chomoa boksi moja moja ukiangalia mita. Shoti ikiondoka, umepata boksi au tawi lake. Ukichomoa boksi lenye kizuizi, mita itapanda hadi 120. Hilo ni kawaida.

Hatua ya 5. Funua kapeti, hasa gari lililopita kwenye maji ya mvua kule Bwaise. Plagi zikiwa na kutu ya kijani, safisha pini. Waya iliyokatika ichomelee kwa risasi, izungushie tepu, halafu zisokote zote mbili upya. Zikiachana zinaokota kelele za umeme. Futa misimbo, pima tena.