Namna ya kutafuta tiba ya wasiwasi uliopitiliza, kwa mtu mzima na kwa mtoto

Neno wasiwasi limebeba mengi katika lugha yetu. Anayesubiri matokeo ya mtihani husema ana wasiwasi. Anayerudia udhu mara saba kwa kuhofia kwamba haukutimia huambiwa ana wasiwasi. Na yule anayeamka saa tisa usiku moyo ukimwenda mbio, bila kujua anachokiogopa, naye hutumia neno lilo hilo. Kabla ya kumtafuta mtaalamu, inafaa ujue wako ni upi. Wasiwasi wa kawaida huwa na sababu na huondoka pamoja nayo. Uliogeuka kuwa ugonjwa hubaki baada ya sababu kuisha, na hatua kwa hatua humnyang'anya mtu usingizi, kazi, safari, hata uwezo wa kuhudhuria msiba wa jirani. Anayepatwa na hali hii hayuko peke yake: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, na milioni 58 kati yao walikuwa watoto na vijana.

Anza na daftari. Kwa muda wa wiki mbili, kila wasiwasi unapokujia, andika siku na saa, mahali ulipokuwa, wazo lililopita kichwani, jinsi mwili ulivyoitikia na, zaidi ya yote, ulichokifanya baada ya hapo. Uliondoka? Ulimpigia mtu simu akutulize? Uliahirisha safari? Sehemu hii ya mwisho ndiyo itakayomsaidia mtaalamu kuliko maelezo mengine yote, kwa sababu ambayo nitaieleza. Katika baadhi ya vituo vya afya huenda ukapewa pia dodoso fupi lenye maswali saba, lililotungwa mwaka 2006, linalouliza hali yako katika wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama kutoka 0 hadi 3, na anayefikisha 10 kati ya 21 hushauriwa afanyiwe uchunguzi zaidi. Alama hizo peke yake si jina la ugonjwa.

Kisha mwone daktari wa kawaida. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, pumu na matatizo ya mapigo ya moyo huweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na za wasiwasi, na vivyo hivyo kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi. Mweleze kila unachokunywa na kutafuna, bila kuficha. Lakini ukishapimwa vizuri na kuambiwa kwamba moyo ni mzima, usizunguke hospitali hadi hospitali kuupima tena: kipimo cha tano kitakutuliza kwa siku mbili tu, nayo hofu itarudi ikidai cha sita.

Kuhusu mahali pa kwenda, nchini Tanzania njia ya rufaa huanzia zahanati au kituo cha afya, ikapanda hospitali ya wilaya na ya mkoa, hadi penye idara za magonjwa ya akili kama Muhimbili. Dodoma ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Unguja ipo ya Kidongo Chekundu, na Nairobi ipo ya Mathari. Inaniuma kuona kwamba baadhi ya majina haya yamegeuzwa tusi mitaani, kwa maana watu wengi wenye wasiwasi unaotibika hubaki nyumbani miaka na miaka kwa kuogopa kuonekana getini. Mgonjwa wa wasiwasi kwa kawaida hutibiwa kama mgonjwa wa nje: huhudhuria kliniki, akamaliza kikao chake, akarudi kwake siku hiyo hiyo.

Daktari wa magonjwa ya akili anaweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha hutibu kwa mazungumzo. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayosimamia washauri nasaha na wanasaikolojia, kwa hiyo una haki ya kuuliza kama huyo uliyeelekezwa amesajiliwa. Popote ulipo, muulize alisomea wapi na nani anasimamia kazi yake. Mtaalamu wa kweli hatakasirika. Na pale ambapo hakuna mtaalamu mwenye shahada, usikate tamaa upesi. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mitaani namna ya kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Washona, watu wa huko, huyaita mateso ya namna hii kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na sisi tunamjua vizuri mtu wa kuwaza sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sasa narudi kwenye daftari. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wahenga walikuwa wameshaona jinsi ugonjwa huu unavyofanya kazi. Kila ukikwepa unyasi unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo inaifundisha akili kwamba kukwepa ndiko kulikokuokoa, hata siku ambazo nyoka hakuwapo. Ndiyo maana tiba iliyothibitika zaidi si ya kufarijiwa tu, bali ya kukisogelea kinachoogopwa kidogo kidogo, huku ukichunguza mawazo yanayokutisha. Daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini alikuwa miongoni mwa waliojenga njia hii katika miaka ya 1950.

Tuseme mama mmoja alibanwa na pumzi ndani ya daladala iliyojaa, akadhani anakufa, na tangu hapo hapandi gari lolote. Pamoja na mtaalamu wake ataandika ngazi: kusimama kituoni dakika kumi bila kupanda, kupanda gari tupu na kushuka kituo cha kwanza, vituo vitatu akiwa na dada yake, vituo vitatu peke yake, na mwisho safari nzima saa za msongamano, akiwa amekaa dirishani au amesimama katikati. Kila ngazi hurudiwa mpaka iwe ya kawaida, na hakuna ngazi anayosukumwa kuipanda bila ridhaa yake.

Kwa hiyo katika kikao cha kwanza uliza hivi: tutafanya nini, nami nitafanya nini nyumbani kati ya kikao na kikao? Tutajuaje kwamba nimepata nafuu? Kwa kawaida vikao huwa kati ya 8 na 20, na gharama ijulikane mapema ili usikatize njiani. Jihadhari na anayeahidi kukuponya kwa siku moja, anayesimulia siri za wagonjwa wengine, au anayekuamuru uache dawa. Dua na maombi havipingani na tiba hii, ilimradi anayekuombea asikuzuie kwenda kliniki.

Dawa nazo zina nafasi yake. Zile kama sertraline na fluoxetine huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na haziachwi ghafla. Diazepam hutuliza haraka, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu humfanya mtu aitegemee, kwa hiyo usiinunue dukani kwa ushauri wa rafiki.

Mtoto ni habari nyingine. Mara chache atasema ana wasiwasi. Atasema tumbo linauma. Angalia ratiba ya maumivu: yakija Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi, kisha yasionekane Jumamosi, mpeleke kwa daktari, lakini pia ukae naye peke yenu na umuulize taratibu kuhusu shule. Kabla ya kuuita ugonjwa, hakikisha kwamba hofu yake haina sababu ya kweli. Huenda anaonewa, anachapwa, au kuna mtu mzima anayemdhuru, na hapo anayehitaji kukabiliwa ni mdhuru. Namba 116 hupokea simu za watoto na za wanaowatetea, Tanzania na Kenya.

Ikiwa hofu imebaki ingawa hakuna anayemdhuru, tiba ipo na matokeo yake yanajulikana. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2008, watoto 488 wa miaka 7 hadi 17 walifuatiliwa: waliopata nafuu kubwa walikuwa asilimia 60 kwa tiba ya mazungumzo, 55 kwa sertraline, 81 kwa vyote viwili, na 24 kwa kidonge kisicho na dawa. Kwa mtoto mdogo mtaalamu hutumia michezo na michoro, na ngazi zake huwa fupi zaidi.

Mzazi nawe umo ndani ya tiba. Tunapomjibia mtoto anaposalimiwa, tunapolala naye kila usiku, tunapomruhusu abaki nyumbani kila anapolia, tunamkwepesha unyasi kwa mapenzi. Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha kwamba kuwafunza wazazi peke yao kupunguza mambo hayo kunaweza kumsaidia mtoto sawasawa na kumtibu yeye mwenyewe. Hii haina maana ya ukali. "Acha woga, wewe ni mwanamume" humwongezea aibu juu ya hofu. Mwambie, "Najua unaogopa, mwanangu, na najua utaweza," kisha usimame naye getini mwa shule dakika tano leo, na tatu wiki ijayo.

Mtu akizungumzia kujiua au kujidhuru, awe mkubwa au mdogo, usisubiri tarehe ya kliniki: usimwache peke yake, na mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kwa mengine yote, ipe tiba vikao vitano au sita kabla ya kuamua kama inakusaidia. Ukiona daftari halibadiliki, mfungulie mtaalamu kurasa zake umwoneshe, na kama bado hakuna mpango mpya, omba rufaa kwa mwingine na uende na daftari hilo hilo.