Jinsi ya kupunguza mvumo wa boksi katika spika za honi kwa kutumia mihimili

Spika ya honi husifiwa kwa sababu hutoa sauti kubwa kwa umeme mdogo. Koni yake haisukumi hewa iliyo wazi, bali husukuma hewa iliyobanwa kwenye koo la honi, na mgandamizo huo hupungua taratibu kadiri njia inavyopanuka kuelekea mdomoni. Mgandamizo huohuo ndio unaozisukuma mbao za boksi, na hapo ndipo fundi aliyezoea maboksi ya kawaida hushangaa, kwa kuwa honi ya besi iliyokunjwa, yaani ile ambayo njia yake ndefu imekunjwa ndani ya boksi, huwa na mbao pana nyingi, baadhi yake zikiwa zimeshikwa upande mmoja tu na hewa yenye nguvu ikipita pembeni yake. Ubao ukitikisika kwa masafa yake wenyewe, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi, huongeza sauti ambayo haikuwamo kwenye muziki, na huendelea kuvuma baada ya koni kutulia. Besi huwa nzito isiyo na makali, na sauti ya mwanamume huonekana kama inatoka ndani ya pipa.

Mfano nitakaoutumia ni La Scala, spika ya kampuni ya Klipsch ya mji wa Hope, Arkansas, nchini Marekani, iliyotoka mwaka 1963. Nimeichagua kwa sababu udhaifu wa mbao zake za ubavuni unajulikana sana miongoni mwa wanaozitengeneza upya, na kwa sababu mpangilio wake ni rahisi kuuelewa. Spika yenyewe ya inchi 15, yaani kile chombo chenye koni, imefungwa ndani ya chumba kilicho katikati ya boksi, ikitazama nyuma. Sauti hutoka kwa kupitia tundu jembamba, hugonga upande wa nyuma, hugawanyika kushoto na kulia, kisha huja mbele kupitia njia mbili zinazopanuka kati ya chumba hicho na mbao za ubavuni. Ukiitazama kwa mbele utaona chumba hicho kikiwa na umbo la kabari, ncha yake ikikuelekea. Kila ubao wa ubavuni una takriban sentimita 60 kwa 60. Umeshikwa juu, chini na nyuma, lakini ukingo wake wa mbele, yaani ule wa mdomoni, hauna kitu kinachoushika.

Ukingo huo ulio huru ndio chanzo kikuu cha tatizo, na hesabu inaonyesha hivyo. Chukua plaiwudi nzuri ya milimita 18, yenye ukakamavu wa gigapaskali 8 na uzito wa kilo 650 kwa mita ya ujazo, iliyokatwa sentimita 60 kwa 60 na kuegemezwa kingo zote nne. Mtikisiko wake wa kwanza utaangukia karibu na hezi 165. Uachie ukingo mmoja tu, na namba hiyo itashuka hadi karibu hezi 100. Ubao uliogundishwa vizuri hushikwa kwa nguvu zaidi kuliko ule ulioegemezwa, kwa hiyo katika boksi halisi namba huwa juu ya hapo, lakini hazitoki nje ya eneo la kazi. Sehemu ya besi ya La Scala hufanya kazi kuanzia takriban hezi 50 hadi hezi 400, maana yake ubao unavuma katikati kabisa ya masafa ambayo honi inapaswa kuyatoa kwa usafi.

Wengi hukimbilia kuongeza unene. Ni kweli kwamba masafa ya ubao hupanda sawasawa na unene wake, ila hupanda kinyume cha mraba wa upana wake, kwa hiyo kuugawa ubao kunalipa zaidi kuliko kuunenepesha. Ubao uleule wa sentimita 60 ulioegemezwa pande zote, ukiugawa mara mbili kwa mhimili madhubuti, yaani kipande cha mbao kinachoushika usitikisike, hutoka hezi 165 na kuvuka hezi 400. Ili upate matokeo hayo kwa unene peke yake ungehitaji ubao wa zaidi ya milimita 40, na boksi lisingebebeka. Kampuni yenyewe, ilipotoa La Scala II katika miaka ya 2000, iliacha plaiwudi ya robo tatu ya inchi ikatumia MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ya inchi 1. MDF ina uzito na hufifisha mtikisiko vizuri, lakini ukakamavu wake ni chini ya nusu ya ule wa plaiwudi ngumu, hivyo mimi sioni kwamba unene huo unaondoa haja ya mhimili. Zaidi ya hayo, kwa anayeishi mwambao, MDF isiyozibwa kingo zake kwa rangi hunyonya unyevu na kuvimba, jambo linalotosha kunifanya nibaki na plaiwudi ya marine, ile inayostahimili maji.

Hatua ya kwanza: hakikisha kinacholia ni ubao

Kabla ya kukata chochote, ondoa vyanzo vingine vya kelele. Kaza skrubu zote za spika, kagua mfuniko wa chumba chake, funga nyaya zisiguse mbao, na vua vishikio vya chuma na wavu wa mbele. Kitu kilicholegea hutoa mkwaruzo unaobadilika unapokibonyeza, ilhali mvumo wa ubao ni sauti safi iliyojaa ambayo hupungua pole pole unapoegemeza kiganja. Mfuniko unaovujisha hewa hutoa mlio wa kupuliza, na dawa yake ni ukanda mpya wa sponji, wala si mhimili. Plaiwudi ya bei nafuu nayo huweza kuwa na nafasi tupu katikati ya tabaka zake. Gonga ubao wote kwa kifundo cha kidole, na palipo na nafasi hizo utasikia sauti ikibadilika ghafla.

Hatua ya pili: tafuta masafa na mahali

Cheza mlio mmoja mmoja kutoka kwenye simu au kompyuta, ukipanda polepole kutoka hezi 50 hadi hezi 400. Weka sauti ya chini, kwa kuwa spika ya aina hii huvuka desibeli 100 kwa wati 1 tu ukiwa umbali wa mita 1. Usishuke chini ya hezi 50 kwa sauti kubwa, kwa sababu chini ya mpaka wake honi huacha kuibebesha koni mzigo, na koni huruka kupita kiasi. Weka ncha za vidole ubavuni, karibu na ukingo wa mdomo, katikati ya kimo. Hapo utahisi ubao ukipata uhai katika masafa fulani, kisha ukitulia ukiyapita. Andika namba hiyo.

Ukitaka kuona badala ya kuhisi, laza boksi kwa ubavu mmoja ili ubao wa upande wa pili uwe juu, kisha nyunyiza chumvi kidogo. Chumvi hukimbia panapotikisika na kujikusanya panapotulia, hivyo ramani ya mihimili hujichora yenyewe mbele ya macho yako. Kwa kipimo cha kuweka kumbukumbu, bandika kidude cha piezo, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, kile kinachopatikana ndani ya vidude vya kengele vya bei rahisi, mahali palipotikisika zaidi, ukiunganishe na sehemu ya maikrofoni ya kompyuta na urekodi kwa REW, programu ya bure ya kupimia sauti. Weka alama ya penseli palipokuwa na kidude na uandike kiwango cha sauti ulichotumia, kwa maana bila hivyo kipimo cha baadaye hakitalinganishika na hiki.

Hatua ya tatu: panga mihimili bila kuiharibu njia ya hewa

Hapa ndipo honi inapotofautiana na maboksi mengine. Katika boksi lililofungwa unaweza kuweka mhimili popote, mradi uhesabu ujazo unaoupoteza. Ndani ya honi, upana wa njia katika kila hatua ndio muundo wenyewe, na kila kipande cha mbao unachokiweka kinaupunguza. Kwa hiyo mhimili uelekezwe sawa na mwendo wa sauti, bapa lake likifuata njia na ukingo wake mwembamba ukitazama sauti inakotoka. Ubao wa milimita 18 uliolazwa hivyo katika njia yenye kimo cha sentimita 60 huziba asilimia 3 tu. Kipande cha milimita 60 kikigeuziwa sauti bapa lake huziba asilimia 10, na hapo umeanza kujenga honi nyingine.

Kwa La Scala, mhimili wa kwanza uwe ubao wa mlalo unaotoka kwenye uso wa mshazari wa kabari hadi ubavuni, mmoja kila upande, ukianzia sentimita chache tu nyuma ya ukingo wa mdomo. Karibu na mdomo ndipo ubao wa ubavuni ulipo huru zaidi, na ndipo njia ilipo pana kiasi kwamba asilimia 3 haisikiki. Usiuweke katikati kamili ya kimo. Ukigawa sentimita 60 kuwa 34 na 26, vipande viwili vya ubao vinapata masafa tofauti, na mtikisiko wa kimoja hauungwi mkono na wa jirani yake.

Kooni, kinyume chake, usiweke kitu ndani ya njia. Mgandamizo wa huko ni mkubwa kuliko mahali pengine popote, njia ni nyembamba, na milimita 18 hapo ni sehemu kubwa ya nafasi yote. Mbao zinazozunguka koo ziimarishwe kwa upande wa pili, yaani kutoka ndani ya chumba cha spika au kutoka nje ya boksi.

Hatua ya nne: kata na uunge

Mhimili una umbo la pembenne lisilo sawa, kwa kuwa upande mmoja hufuata mshazari wa kabari na wa pili hufuata ubavu. Pima kwa kadibodi kwanza, ukate kadibodi hadi ikae bila mwanya, kisha uihamishie kwenye plaiwudi. Kina cha sentimita 15 kuelekea ndani kinatosha. Ukingo unaotazama nyuma na ule unaotazama mbele upigwe msasa hadi uwe wa mviringo ili hewa isivume inapoupita.

Kiungo kinahitaji umakini kuliko kazi nyingine yoyote humu. Mgandamizo unapopanda, mbao zote mbili za ubavuni husukumwa kuelekea nje kwa wakati mmoja, hivyo mhimili huvutwa. Nusu mzunguko baadaye hubanwa, kisha huvutwa tena, mara mia kadhaa kwa sekunde. Mvuto wa kushoto na wa kulia hukutana kwenye kabari na kufutana, na hiyo ndiyo faida ya kuweka mihimili miwili kwa kimo kilekile. Lakini kiungo kilichogundishwa kwa ncha tupu ya plaiwudi kitaachia, na mhimili ulioachia hugonga, hali ambayo ni mbaya kuliko kutokuwa na mhimili. Kwa boksi jipya, chimba mfuo wa milimita 6 ubavuni na kwenye kabari, upake gundi na kuuingiza mhimili kabla ya kufunga boksi. Kwa boksi lililokwisha kufungwa, gundisha kwanza mkanda wa mbao ngumu wa milimita 20 kwa 20 juu na chini ya mstari wa mhimili, kisha upitishe skrubu kutoka nje ya ubavu hadi ndani ya mhimili, ukiwa umetoboa tundu la kuongoza ili plaiwudi isipasuke. Gundi nyeupe ya mbao inatosha pale mbao zinapogusana vizuri. Penye mwanya tumia gundi ya poliyurethani au epoksi, na uache klempu hadi siku ya pili.

Kwa wasiotaka kugusa njia ya sauti kabisa, taruma la nje, yaani kipande cha mbao kinachogundishwa juu ya ubao kwa upande wa nje, ni jibu halali ingawa si zuri kwa macho. Lisimamishwe kwa ukingo wake. Kipande cha milimita 18 kwa 60 kilichosimamishwa kina ukakamavu mara 11 ya kilekile kilicholazwa, kwa hiyo kukilaza ni kuongeza uzito tu.

Hatua ya tano: chumba cha spika

Ujazo wa chumba hiki umechaguliwa ili ukakamavu wa hewa yake ulingane na mzigo wa koo, kwa hiyo usiujaze mbao. Mhimili mmoja unaounganisha kuta mbili zinazotazamana, ukipita nyuma ya sumaku bila kuigusa, unatosha. Ujazo wake uuhesabu: kipande cha sentimita 1.8 kwa 6 kwa 35 hakifiki hata nusu lita.

Hatua ya sita: pima tena

Rudia jaribio la hatua ya pili, kidude kikiwa kwenye alama ileile na sauti ikiwa ileile. Usitegemee kilele kitoweke. Kinachotakiwa ni kuwa kimepanda juu na kupungua kimo. Kikiwa kimevuka hezi 400, kazi ya mihimili imekwisha. Kikibaki, tuseme, katika hezi 280, bado kiko ndani ya masafa ya kazi, na hapo ongeza ufifishaji upande wa nje: tabaka la gundi inayobaki laini, kisha plaiwudi ya milimita 6 juu yake, ili gundi ivutwe kati ya mbao mbili na kuugeuza mtikisiko kuwa joto. Karatasi ya lami ya magari iliyobandikwa peke yake huongeza uzito na kuteremsha masafa, kwa hiyo ipewe nayo ubao wa kuifunika. Sponji au pamba usiiweke ndani ya njia ya honi, kwa sababu hunyonya sauti za juu ya hezi 200 ambazo umehangaika kuzisafisha. Mwisho gonga mbao za juu na chini ya boksi, maana ubavu ukishatulia, mvumo mdogo uliokuwa umefunikwa huko huanza kusikika, na huo hutibiwa kwa taruma moja la nje linalokatiza katikati ya ubao, nje kidogo ya mstari wa kati.