Kuandikisha darasa la awali kwenye shule ndogo ya kijijini

Anza Oktoba, usingoje shule zifungue Januari. Chukua daftari la wakazi kwa mtendaji wa kijiji, uorodheshe watoto wa miaka mitano kitongoji kwa kitongoji. Mwalimu anayengoja wazazi ofisini huishia kupata watoto wa jirani tu.

Kwenye umri ndiko wengi wanakokosea. Kadi ya kliniki inatosha. Asiye na cheti cha kuzaliwa aandikishwe, cheti kifuatiliwe baadaye. Kadi isipokuwepo, usimpime kwa kumpitisha mkono juu ya kichwa aguse sikio. Mtoto aliyedumaa hafikishi, na ndiye anayerudishwa nyumbani mwaka hadi mwaka. Uliza matukio: kwa anayeingia Januari 2026, alizaliwa kabla au baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020? Masika yalikuwa yameanza? Andika mwezi unaokaribia, na pembeni "makadirio". Ukiwajazia wote tarehe 1 Januari, hutajua tena nani mkubwa, nani mdogo.

Ada ilifutwa tangu 2016, lakini fagio, dumu na mchango wa uji bado huwafukuza watoto mlangoni. Visiwe sharti la kuandikishwa.

Ukiuliza "ana ulemavu?" mzazi atasema hapana, hasa majirani wakiwa wanasikiliza. Muulize kando: akiitwa kwa nyuma anageuka? Anamtambua mtu aliye ng'ambo ya uwanja? Wageni wanamwelewa akiongea? Jibu la "hapana" lolote liandike, mkalishe mbele, mshauri mzazi ampeleke zahanati.

Ongeza safu ya lugha ya nyumbani. Palipo na Wasukuma na Wamasai, mtoto aliyenyamaza huitwa mzito, kumbe Kiswahili hajakizoea. Mkalishe na mwenzake anayejua lugha zote mbili. Kwa wafugaji chukua namba mbili za simu, ya pili iwe ya ndugu asiyehama.

Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wakizidi sana, gawa mikondo miwili, ukichanganya wavulana na wasichana, lugha na vitongoji. Wa kitongoji cha mbali waache mkondo mmoja ikiwa wanatembea pamoja. Hapo usalama wa njiani kwanza.

Ijumaa ya wiki ya pili, linganisha orodha ya Oktoba na daftari la mahudhurio. Wasiofika, mpe mwenyekiti wa kitongoji majina yao na ya wazazi wao. Ukimpa idadi tu, hatajua aanzie nyumba ipi.