Baridi ya mwezi wa sita inakuja, kagua feni ya ndani ya gari yako mapema

Mwezi wa sita huo unakuja na huku kwetu tunajua maana yake, Makete na Njombe asubuhi unakuta barafu juu ya majani, ukishuka Mafinga ukungu, ukija huku Uporoto ndo usiseme. Watu wanakagua breki na matairi, safi kabisa, ila feni ya ndani ya gari hakuna anayeihangaikia mpaka siku kioo kimeziba kwa ndani na mbele kuna lori la viazi. Sasa fanya haya ukiwa bado nyumbani.

Washa gari, fungua vitundu vyote vya dashibodi, peleka feni namba moja, mbili, tatu, nne, na usikilize. Kelele ni kubwa lakini upepo kidogo, basi kuna kitu kimeziba njia. Kimya kabisa namba zote, anza na fyuzi na swichi, halafu ndo feni yenyewe. Inakwaruza kama kuna kitu kinagongagonga, kuna jani au takataka imeingia kwenye feni. Usikimbilie kujaza gesi ya AC jamani! Gesi inapooza hewa, haisukumi hewa, nimeona mtu anajaziwa gesi mara mbili na shida ilikuwa filta, ile inayochuja hewa ya ndani.

Filta kwenye Toyota nyingi hizi za kutoka Japani ipo nyuma ya droo ya upande wa abiria, toa vitu kwenye droo, minya pande zote mbili ishuke, utaona kifuniko kirefu cha plastiki. Ukikuta imekuwa kama kapeti badilisha, usifue ile ya karatasi, na ukirudisha fuata mshale wa upepo uliochorwa pembeni. Majani ya chini ya waipa yatoe kila wiki, hapo ndo hewa ya nje inapoingilia.

Sasa hii ndo imenifanya niandike.

Gari yangu ilikaa Tukuyu kwa mama karibu miezi miwili, imepaki ubavuni mwa kibanda cha mahindi. Narudi kuichukua, feni namba moja haifanyi, mbili haifanyi, tatu haifanyi, nne inafanya. Nikaipeleka mjini Mbeya kwa fundi mmoja, akapima pima akasema bosi hii rizista (kile kidude kinachopunguza kasi ya feni) imeungua, spea yake mpaka uagize, ngoja nikupigie dairekti. Akaunga waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye feni na kaswichi kadogo pembeni ya usukani, nikatoa hela nikaondoka nacheka, upepo upo ingawa kiukweli haukuwa mwingi. Fyuzi hakuweka na mimi sikuuliza.

Wiki mbili baadaye namtoa mama Tukuyu kumpeleka kliniki Mbeya, saa kumi na moja alfajiri, tupo watano ndani, madirisha yote juu kwa sababu ya baridi. Tumepita Kiwira tunapandisha kuelekea Ntokela, ukungu umelala barabarani unaona mita chache tu, mara nasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikadhani ni lori la mbele breki zimechemka. Kumbe moshi unatoka chini ya dashibodi kwangu! Nikazima kile kiswichi, feni ikafa, na ndani ya dakika moja au mbili pumzi za watu watano zikageuka maziwa kwenye kioo. Nafuta kwa mkono wa koti kinarudi, nafuta kinarudi. Mama kutoka nyuma ananiambia taratibu, "Mwanangu, hivi hiyo njia unaiona kweli?" Sikumjibu. Nikafungua dirisha, nikatoa kichwa nje, nikatambaa na mstari wa pembeni mpaka nikapata sehemu ya kutoka barabarani, na mikono inatetemeka si kwa baridi.

Kulipokucha tukaendelea madirisha wazi, na Uyole fundi umeme mwingine akashusha droo. Waya wa dairekti ulikuwa umeyeyuka umegandana na mwingine wa jirani. Akachomoa feni na humo ndani, ndugu zangu, kulikuwa na nyumba ya panya. Maganda ya mahindi, vipande vya sponji vya siti yangu mwenyewe, na maharage matatu mazima. Hapo ndo nikaelewa hadithi yote. Rizista inakaa ndani ya njia ya upepo makusudi ili upepo uipooze, upepo ukiziba inachemka mpaka inakatika. Namba nne haipiti kwenye rizista ndo maana inabaki yenyewe. Na feni inayozunguka kwa shida inavuta umeme mwingi, sasa kama hakuna fyuzi, waya wako ndo unageuka fyuzi.

Kwahiyo namba ya juu tu ikibaki inafanya kazi, mwambie fundi abadilishe rizista NA atoe feni aioshe, na aangalie soketi yake kama haijaungua. Vyote kwa pamoja, ukibadilisha rizista peke yake itaungua tena. Akikwambia dairekti, chukua funguo zako. Fyuzi ikikatika weka ya namba ile ile, usiongeze. Gari za AC ya otomatiki mfumo wake ni tofauti kidogo, hazina dalili hii ya namba nne, usije ukalazimisha. Na kinyesi cha panya usikipulize na kompresa kikakuingia puani, vaa barakoa, kiloweshe kwanza ndo ufute.

Mengine haraka haraka. Upepo unatoka miguuni ila kwenye kioo hautoki, ni kile kilango cha ndani kinachogawa hewa, kimota chake au kebo, mara nyingi unasikia kinatoa tak tak tak ukibadilisha. Upepo unaanza vizuri, baada ya muda unafifia, ukizima AC unarudi, hiyo evapoleta, ile sehemu ya AC inayopooza hewa, inaganda barafu. Kapeti ya abiria imelowa, bomba la kutolea maji ya AC limeziba.

Ukungu kwenye kioo: weka alama ya kioo, washa AC, weka na joto, na kile kitufe cha kagari chenye mshale unaozunguka ndani KIZIME, hewa iingie kutoka nje. Wengi huku wanasema AC ni ya watu wa Dar, sivyo, AC inakausha hewa na hewa kavu ndo inayofuta kioo.

Hita haitoi joto, angalia kulanti (maji ya kupozea injini) injini ikiwa imepoa, usifungue rejeta ya moto. Halafu muulize fundi wako kama themostati, ile inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, bado ipo, maana wana tabia ya kuitoa wakidai gari inachemka, kisha unaenda zako Kitulo injini haipati moto na wewe unaganda na blanketi mapajani.

Beba kitambaa kikavu, sio cha kufutia oili. Taa za ukungu zipime. Maji ya waipa yajaze, tena angalia usiku wa baridi kali yasije yakaganda. Usipaki karibu na mahindi. Simu ijae chaji, pembetatu ziwepo mbili, na kama ukungu ni mzito sana si lazima uondoke saa kumi na moja, hata kliniki wanafungua saa mbili.